Shajara ya mradi: CG125, kutoka tairi la 3.00-18 hadi 100/90-18

Chombo ni pikipiki ya CG125, muundo wa Honda wa miaka ya 1970 ambao viwanda vya China vimeunakili kwa majina chungu nzima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yaliyomo humu inamhusu pia mwenye ile ya Kichina. Cheni ni namba 428, iko kushoto. Breki ya nyuma ni ya ngoma, iko kulia. Rimu ni za spoku 36, kipenyo inchi 18: upana wa ya mbele inchi 1.60, wa ya nyuma 1.85. Ilikuja na tairi la 2.75-18 mbele na 3.00-18 nyuma (upana kwa inchi, kisha kipenyo cha rimu), sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya mbele meno 15, ya nyuma 38, cheni pingili 116.

Kazi yake ni gunia na abiria kwenye barabara ya udongo. Tairi la 3.00 linazama mchangani na wakati wa masika linachimba mfereji badala ya kupanda juu ya tope. Mwenye nayo anataka tairi nene nyuma, bila kukata fremu wala kuichomelea kitu.

Karibu tairi lolote "huingia" pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi. Matata huanza gurudumu likizunguka, tairi likivimba, swingamu (mikono miwili inayoshika gurudumu la nyuma) ikipanda na kushuka, na tope likijaa katikati. Kwenye CG kinachoweka mpaka ni shingo ya swingamu na cheni. Madigadi, ambayo ndiyo watu huitazama kwanza, ina nafasi ya kutosha.

Vipimo kabla ya kwenda dukani

Ekseli ilikazwa, cheni ikaachwa na ulegevu wake wa kawaida, gurudumu likahakikishwa limenyooka na fremu. Hapo tukapima kwa venia na rula ya chuma kutoka ukingo wa rimu hadi bamba la ndani la cheni, tukajumlisha nusu ya upana wa nje wa rimu. Hiyo inatoa umbali kutoka katikati ya gurudumu. Usipime kutoka kwenye tairi la zamani, kwa sababu tairi lililochakaa au kukaa upande linadanganya kwa milimita mbili tatu, na hizo ndizo tunazozigombania hapa.

Katikati hadi bamba la ndani la cheni ilikuwa mm 58. Katikati hadi ukuta wa ndani wa mkono wa kushoto wa swingamu, pale karibu na boriti inayounganisha mikono miwili, mm 54, na upande wa kulia mm 55. Kutoka kashata (vinundu vya uso) za tairi la zamani hadi boriti yenyewe, mm 27.

Angalia kwamba mkono wa swingamu uko karibu zaidi kuliko cheni. Mikono hiyo inatanuka kadiri inavyokwenda nyuma, kwa hiyo gurudumu likisogezwa nyuma kidogo linapata nafasi pande zote tatu kwa mpigo: kushoto, kulia na mbele. Jambo hili ndilo lililoamua mradi mzima, tutalirudia kwenye cheni.

Mwanya wa chini tuliokubaliana ni mm 6 kila upande wa swingamu, mm 7 kwenye cheni, mm 10 kwenye boriti. Kwenye lami tupu mtu anaweza kubana zaidi. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, ule unaonata kama ugali wa moto, mwanya mdogo hujaa hadi gurudumu linagoma.

Namba za matairi na rimu

Tairi la 3.00-18 lina upana wa takribani mm 80 na kipenyo cha nje takribani mm 618. Yaliyofikiriwa yalikuwa matatu:

3.50-18: upana karibu mm 93, kipenyo karibu mm 640.
100/90-18 (upana wa mm 100 kwa jina, kimo cha ukuta asilimia 90 ya upana): upana mm 101 kwenye rimu ya 2.50, kipenyo mm 637.
110/90-18: upana mm 109 kwenye rimu ya 2.50, kipenyo mm 655.

Upana ulioandikwa ni wa tairi likiwa kwenye rimu ya kupimia. Ukilifunga kwenye rimu nyembamba, kuta zake zinabanwa, upana unapungua na uso wa juu unakuwa wa mviringo zaidi. Makadirio ya karakana ni kwamba kila nusu inchi ya rimu inabadilisha upana wa tairi kwa karibu mm 5. Kwa hiyo 100/90 kwenye rimu ya 2.15 inashuka hadi mm 97 au 98.

Kwenye rimu ya zamani ya 1.85 ingekuwa karibu mm 94, na hapo ndipo mafundi wengi hujisifu kwamba "imeingia bila kubadilisha rimu". Imeingia, ndiyo, lakini 100/90 inataka rimu ya 2.15 hadi 2.75. Kwenye 1.85 tairi linakalia mgongo wa katikati tu, linaisha katikati huku mabega yakiwa mapya, na kwenye kona linahisi kuteleza pembeni kwa sababu kuta hazina msingi. Umelipia tairi nene, ukapata mguso ule ule wa tairi jembamba. Chagua rimu kwanza, tairi lifuate.

Sasa hesabu. 110/90 kwenye rimu ya 2.15: nusu ya upana ni karibu mm 52.7. Kwenye cheni unabaki na mm 5, kwenye mkono wa kushoto mm 1. Hiyo imeondolewa. 100/90: nusu ni mm 48.5, cheni mm 9.5, kushoto 5.5, kulia 6.5. Kushoto pamepungua nusu milimita, lakini pana tiba. 3.50 ingepita bila maswali, na kwa mtu asiyetaka kugusa sproketi tungemwambia achukue hiyo. Tumekwenda na 100/90 kwa sababu mwenye pikipiki anahitaji pia gia nzito zaidi, yaani zenye mvuto, na kazi hiyo inaleta nafasi bure.

Kava ya cheni

CG ya asili ina kava linalofunika cheni nzima, juu na chini. Ni kitu kizuri sana kwa vumbi, na ndicho kinachoguswa na tairi kwanza, maana ukuta wake wa ndani unapita katikati ya cheni na tairi. Ukiwa nalo, ile mm 9.5 inabaki nne au pungufu. Tumelitoa, tukafunga kava la wazi la juu tu. Boliti za kulishikilia tumezigeuza vichwa viwe upande wa tairi na nati nje, kwa sababu ncha ya boliti iliyojitokeza mm 5 ni kisu. Gharama ya uamuzi huu: cheni itataka kusafishwa na kutiwa oili mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Kusuka rimu ya 2.15

Kabla ya kulegeza spoku hata moja, pima mkao wa rimu ya zamani kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Laza rula ya chuma kwenye uso wa habu upande wa breki, pima hadi ukingo wa rimu, andika. Hapa kuna mtego. Rimu ya 1.85 ina mm 47 kati ya kuta zake, ya 2.15 ina mm 54.6. Tofauti ni mm 7.6, yaani mm 3.8 kila upande. Fundi akisuka rimu mpya kwa kufuata kipimo kile kile cha ukingo, gurudumu zima linahama mm 3.8 upande mmoja, na mwanya wote uliopigiwa hesabu unaliwa. Ukingo wa rimu mpya lazima ujitokeze mm 3.8 zaidi ya ule wa zamani upande huo uliopimia, ukijumlisha na tofauti ya unene wa kuta kama ipo.

Piga picha gurudumu pande zote mbili. Spoku za habu hii ni za aina mbili: zinazoingilia ndani ya flanji (ukingo wa habu wenye matundu ya spoku) na zinazoingilia nje, na kona ya shingo zake si sawa. Ukizichanganya, kichwa hakikai vizuri na spoku inakatika shingoni baada ya muda mfupi, tena kwa kawaida huanza upande wa sproketi. Rimu nayo iwe ya habu ya ngoma: matundu yake yametobolewa kwa kulala kuelekea kwenye flanji. Rimu yenye matundu yaliyoelekea kwingine hupinda spoku pale inapotoka kwenye nati yake. Ukiona spoku ina kona hapo baada ya kukaza, simama, rimu hiyo siyo.

Spoku zote 36 zimewekwa mpya. Nyuzi zilipakwa oili kidogo, nati zikakazwa kwa mkono mpaka nyuzi zote zimefichika sawa, kisha nusu mzunguko kila moja, na mwisho robo robo. Mpangilio wa kunyoosha: kwanza mruko wa juu na chini, halafu kuyumba kwa pembeni, kisha rudi tena kwenye mruko. Kiwango cha Honda cha kukataa rimu ni mm 2 kwa yote mawili. Tumefika chini ya mm 1 pembeni, na mruko mm 1 pale rimu ilipounganishwa kiwandani, na hapo hakuna spoku itakayotoa zaidi bila kuvuruga penginepo.

Ncha za spoku zilizopita nati kwa ndani zilisagwa kwa tupa zikawa sawa na nati. Ukipitisha kidole pasikwaruze. Juu yake ukanda mpya wa raba. Pancha nyingi za "tyubu mbovu" kwenye magurudumu yaliyosukwa upya zina tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, na chanzo ni ncha hizi.

Tyubu na tairi

Tyubu ya 3.00 haikurudishwa. Inavutika mpaka ijaze tairi la 100/90, lakini ikishavutika inakuwa nyembamba, hasa kwenye mshono na kuzunguka vali, na ikitobolewa inapasuka kwa mara moja badala ya kupungua taratibu. Tumetumia iliyoandikwa 3.25/3.50-18. Kubwa kupita kiasi nayo ni mbaya, inajikunja ndani na mkunjo unajisaga.

Kwenye tairi tazama mambo matatu. Mshale wa mzunguko. Herufi TT, yaani la tyubu. Na namba nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "jipya" lililokaa dukani juani miaka sita lina mipasuko midogo kwenye mabega, na rangi nyeusi ya kupaka haiwezi kuifuta.

Poda ndani, tyubu itiwe upepo kidogo tu ili isibanwe na vyuma vya kutolea tairi, maliza kupachika tairi upande wa vali. Tulijaza hadi ukingo ulipokaa, yaani ule mstari mwembamba unaozunguka tairi ukawa na umbali sawa na rimu kote. Upepo ukatolewa wote, ukajazwa tena, ili mikunjo ya tyubu ifunguke. Nati ya vali imeachwa legevu juu, haijakazwa kwenye rimu: tairi likiteleza kidogo kwenye rimu, vali italala na utaona, badala ya kung'oka.

Tairi la nailoni linaongezeka kidogo baada ya kufungwa. Tulipima upana siku iliyofuata likiwa na psi 32: mm 98. Karibu na hesabu.

Sproketi, cheni na kusogea nyuma

Kipenyo kimetoka mm 618 hadi 637, ongezeko la asilimia 3. Gia zote zimekuwa nyepesi kwa kiasi hicho, yaani injini ile ile inasukuma mwendo mrefu zaidi kwa kila mzunguko. Kwa anayebeba mizigo mlimani hilo ni kinyume cha anachotaka. Sproketi ya meno 39 ingerudisha mambo karibu na yalivyokuwa. Tumeweka 40. Uwiano umetoka 2.53 hadi 2.67, na ukiondoa athari ya tairi, pikipiki imepata mvuto wa asilimia 2 na kidogo zaidi ya awali. Kupunguza sproketi ya mbele hadi 14 kungekuwa rahisi na bei ndogo, lakini hiyo ni karibu asilimia 7 kwa mkupuo, na sproketi ndogo inakunja cheni zaidi na kuila.

Meno mawili ya ziada nyuma, cheni ikibaki pingili 116, yanavuta ekseli mbele kwa karibu mm 6. Ndiyo kusema tairi kubwa linasogezwa kuelekea boriti na kwenye shingo ya swingamu, hasa mahali tusipopataka. Watu wengi hukwama hapa wakilaumu tairi. Ongeza pingili mbili, ziwe 118, ekseli inarudi nyuma mm 12.7, kwa hiyo ukilinganisha na mwanzo iko nyuma kwa mm 6. Tulihakikisha kwanza kwamba vivutio vya cheni vina nafasi hiyo, na bado imebaki ya kutosha kwa cheni kulegea kwa umri wake.

Cheni ni 428H mpya, ikanunuliwa ndefu na kukatwa. Klipu ya pingili ya kuungia imewekwa mdomo wake ukitazama nyuma ya mwendo. Boliti nne za sproketi zimefungiwa vibati vipya vya kuzuia kulegea. Vya zamani vikishakunjwa mara moja havishikilii tena.

Kuna wanaopendekeza kusogeza cheni nje kwa kuweka washa nyuma ya sproketi kubwa ili 110/90 ipite. Kwenye CG hilo linafia mbele: sproketi ndogo inashikiliwa na kibati kinachoingia kwenye mfereji wa shafti, kikafungwa na boliti mbili ndogo. Haina nafasi ya kuhama. Ukisogeza ya nyuma peke yake cheni inakwenda mshazari, inakula meno upande mmoja na siku moja inaruka. Kusuka rimu ikae kulia mm 4 ni ujanja mwingine wa aina hiyo, na matokeo yake ni magurudumu mawili yasiyofuatana njia moja.

Kufunga na kujaribu bila kuwasha

Alama zilizopigwa kwenye swingamu hazikuaminiwa. Tulipima kutoka boliti ya swingamu hadi katikati ya ekseli pande zote mbili, kisha uzi kutoka nyuma hadi mbele. Fimbo ya breki ilirudishwa kwa nati yake, maana gurudumu likienda nyuma breki inajikaza yenyewe. Mkono unaozuia sahani ya breki ulikaguliwa kama haugusi ukuta wa tairi kulia.

Halafu jaribio ambalo gereji nyingi huliruka: shokapu zote mbili ziling'olewa, gurudumu likanyanyuliwa kwa mkono kiasi chote ambacho shokapu huweza kubonyea. Tairi halikugusa madigadi, lakini lilifika kwenye waya wa taa ya nyuma, unaopita chini ya madigadi ukiwa umeshikwa na vibati viwili vilivyolegea. Kwa tairi la 3.00 waya huo ulikuwa salama. Kwa hili ungekatwa kwenye shimo la kwanza akiwa na abiria. Umehamishiwa pembeni, vibati vimepigwa viwe bapa, na boliti ya katikati ya madigadi imefupishwa.

Katika kunyanyua huko huko, tazama cheni. Inakaza kuliko pote pale boliti ya swingamu, sproketi ndogo na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ulegevu umewekwa ili hapo pabaki na mchezo kidogo. Pikipiki ikiwa tupu kwenye stendi unasoma mm 25 hivi.

Mwanya wa mwisho: cheni mm 9, mkono wa kushoto 6.5, kulia 7, boriti 23.

Kilichobadilika na kinachosubiri

Stendi ya kati sasa hainyanyui gurudumu kama zamani. Tairi limeongezeka karibu mm 9 kwa nusu kipenyo, na kilichobaki kati yake na sakafu ni unene wa kadibodi. Kwenye udongo laini linagusa kabisa. Chini ya miguu ya stendi vitachomelewa vipande vya bapa la mm 8. Stendi si fremu, hapo kuchomelea hakuna ubishi. Stendi ya pembeni inalaza pikipiki zaidi, nayo itapata kisahani chini.

Spidomita haikuathirika, kwa sababu kwenye CG inaendeshwa na gurudumu la mbele. Nyuma kupanda mm 9 kumesimamisha foku za mbele kwa karibu nusu digrii, na usukani umekuwa mwepesi kidogo kwenye changarawe. Tairi la mbele la 3.00-18 kwenye rimu ile ile ya 1.60 litarudisha mkao huo karibu na wa awali, na ndilo litakalofuata. Hapo spidomita itaanza kusoma chini ya mwendo halisi kwa asilimia 2 au 3. Madigadi ya mbele itanyanyuliwa kwa bushi za mm 15, kwa ajili ya lile tope jeusi.

Upepo: psi 28 nyuma akiwa peke yake, 32 na abiria au gunia. Asishushe hadi 20 kutafuta mguso zaidi kwenye mchanga, kwa kuwa tairi la tyubu likiwa na upepo mdogo linazunguka kwenye rimu na kulaza vali.

Spoku hukazwa upya baada ya kilomita 100, na tena kwenye 500. Kwenye kilomita 100 za kwanza tulikuta nne zimelegea, zote upande wa sproketi, na kuyumba kwa rimu kumeongezeka kidogo. Zimekazwa robo mzunguko, kuyumba kumerudi chini ya mm 1. Ukuta wa tairi hauna alama ya kusuguliwa kushoto wala kulia. Kwenye boriti kuna tope lililokauka, na mwanya juu yake unaonekana.